P-38 ya pwani ya Harlech: rubani hakufia pale

Swali ni kama rubani wa P-38, ndege ya kivita ya Marekani iliyoanguka pwani ya Harlech, Wales, alikufa kwenye ajali hiyo. Hapana, hakufa. Rubani huyo ni Luteni Robert Elliott wa jeshi la anga la Marekani. Tarehe 27 Septemba 1942 alikuwa kwenye mazoezi ya kulenga shabaha huko Wales, injini zikakosa mafuta kwa kosa la ugavi, si kwamba alitunguliwa. Akaitua kwenye maji ya kina kifupi ufukweni Harlech. Ncha ya bawa ilikatika, yeye akatoka bila jeraha. Kutua majini hivi hufanywa magurudumu yakiwa yamekunjwa, maana yakining'inia yanakwama majini na ndege inapinduka kifudifudi.

Masikini, haikupita hata miezi mitatu, Desemba 1942, akatunguliwa Tunisia. Mwili wake haukupatikana, ndiyo maana huandikwa "alipotea vitani".

Ndege yenyewe bado ipo chini ya mchanga. Ilionekana tena 2007 mchanga ulipohama, na tangu 2019 inalindwa kisheria, kwa hiyo usiende kuchokoa vipande. Picha za ndege hiyo ni za siku chache mchanga ulipofunuka.