Poromoko la theluji: mzigo unakuwa tayari uko juu

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: poromoko la theluji ni kitu gani hasa, na kama yule mwandishi wa habari alikuwa sahihi kuandika “poromoko la kesi” baada ya hukumu moja kuwapa moyo watu wengi waliokuwa wamekaa kimya. Nilisoma Austria na nikapata mafunzo ya uokoaji katika milima ya Alpi, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona na kuyagusa kwa mikono yangu.

Wengi wakisikia jambo hili huwaza donge linaloviringika kutoka kileleni huku likizidi kunenepa. Ni kweli yapo maporomoko yanayoanzia nukta moja na kutanuka kadiri yanavyoshuka, hasa theluji ikiwa haijashikamana au imelowa. Lakini yanayoua zaidi ni ya bamba. Hapo tabaka zima la theluji iliyoshikamana hukatika kwa mpigo mmoja na kuteleza lote. Ufa hukimbia kuvuka mteremko mzima kabla aliye pale hajajua umeanzia wapi.

Mteremko wenyewe lazima uwe mkali kiasi, mara nyingi kati ya nyuzi 30 na 45. Ukiwa mkali kupita hapo, theluji hujimwaga kidogokidogo na hairundikani sana. Ukiwa wa chini ya hapo, ni nadra bamba kuteleza. Ila mteremko peke yake hautoshi. Kinachotakiwa ni tabaka dhaifu lililofunikwa, na hili ndilo watu hawalioni kwa sababu uso wa theluji juu yake unakuwa mweupe, laini, unaovutia kupita kiasi.

Siku moja mkufunzi alituchimbisha shimo hadi kwenye ardhi. Ukuta wa shimo ulikuwa na mistari, kila mstari ukiwa na dhoruba yake. Akaniambia nivue glavu nipitishe kidole kutoka juu kwenda chini. Juu kilizama, katikati kikagoma, kisha karibu na ardhi kikaingia ghafla na punje zikamwagika miguuni kama sukari. Zilikuwa kubwa, zina pembe, hazishikani hata ukizifinya kiganjani. Punje hizo huzaliwa theluji inapokuwa kidogo na hewa ikiwa ya baridi kali, huku ardhi chini ikibaki na joto karibu na nyuzi sifuri. Mvuke hupanda kutoka chini na kuganda upya kati ya chembe, usiku baada ya usiku, mbingu zikiwa safi na watu wakisifia hali ya hewa. Wiki kadhaa baadaye inakuja dhoruba kubwa na kulaza mzigo wake juu ya punje hizo.

Kisha tukakata nguzo ya theluji yenye sentimita 30 kila upande, tukaweka beleshi juu yake na kuanza kuligonga: mara 10 kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu, mara 10 kutoka kwenye kiwiko, mara 10 kutoka begani. Nguzo yetu haikufika begani. Sehemu ya juu iliteleza ikiwa nzima ikatua mapajani kwangu, na pale ilipokatikia palikuwa pamenyooka kabisa. Hakuna aliyesema neno. Wote tulikuwa tumepanda hadi pale kwa miguu yetu, tukiwa na uzito mkubwa kuliko kile kipigo.

Ndiyo maana katika ajali zinazowaua watelezaji wa skii na wapanda milima, kama tisa katika kila kumi, bamba hukatwa na mhanga mwenyewe au mwenzake wa kundi hilohilo. Na hapa niondoe imani moja inayoenezwa na filamu: sauti ya mtu anayepiga kelele haina nguvu ya kuangusha bamba. Hatua ya mguu inayo. Mlipuko nao unayo, na wataalamu huutumia makusudi kuangusha theluji kabla watu hawajapita chini yake.

Bamba kavu likishaondoka hupita kwa urahisi kilomita 100 kwa saa, na wingu la theluji ya unga laweza kufika 300. Likisimama hugandamana hapohapo, aliyefukiwa hawezi hata kukunja mkono. Wengi wanaotolewa katika dakika 10 za mwanzo huwa hai. Baada ya nusu saa hali ni mbaya sana, kwa kuwa hewa imekwisha. Helikopta mara nyingi huwa bado iko njiani. Anayekuokoa ni mwenzako mwenye kifaa cha kunasa mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kuchomea na beleshi. Kwenda milimani bila vitu hivyo vitatu, kwangu mimi, ni kumkosea yule unayetembea naye.

Wakati mwingine hakuna mguu wa mtu kabisa. Tarehe 23 Februari 1999, kijiji cha Galtür huko Austria kilipigwa baada ya theluji kuanguka kwa wiki kadhaa. Watu 31 walikufa, na sehemu ya nyumba zilizobomolewa zilikuwa katika eneo lililohesabiwa kuwa salama.

Sasa rudi kwenye gazeti lako. Mwandishi alikuwa sahihi, tena sahihi kuliko wengi wanaoitumia tamathali hii. Malalamiko yalikuwepo miaka mingi, yamelaliana, na hakuna aliyeyaona kutoka nje. Hukumu haikuyaumba. Ilikuwa ule mguu mmoja. Vivyo hivyo benki inapokimbiwa na wateja kwa siku moja kwa sababu ya uvumi: uvumi ni mdogo, lakini imani ilikwisha kuoza chini kwa chini. Lakini mtu akipokea ujumbe mwingi wa pongezi siku ya harusi, hayo ni mafuriko tu. Yametoka nje, yamekuja, yatapungua. Na deni linalokua kila mwezi kwa riba si poromoko bado. Ni dhoruba inayoongeza mzigo, na hapo ndipo mtu ana nafasi ya kufanya kitu.

Wanafizikia nao waliazima picha hii. Katika kihesabio cha Geiger na Müller, kifaa cha kugundua mionzi cha mwaka 1928, chembe moja ya mionzi hung’oa elektroni ndani ya gesi. Umeme uliowekwa humo huzisukuma ziende kung’oa nyingine, hizo nyingine zaidi, na ule mlio wa “tik” unaousikia ni poromoko zima la elektroni. Nguvu ilikuwa imeshawekwa ndani ya bomba, ikisubiri chembe moja, kwa hiyo jina limekaa mahali pake. Wataalamu wa usimbaji wa siri nao husema “athari ya poromoko” pale ambapo kubadili biti moja ya ujumbe, yaani sifuri au moja moja tu, hubadili karibu nusu ya biti za matokeo. Hapo mimi naona wameazima ukubwa wa tokeo tu, kwa sababu hakuna mzigo wowote uliokuwa umelala.