Kuhusu swali lako la kupima

Mwanangu,

Umeniuliza, kwa ufupi kama kawaida yako: "Baba, nikapime jeni kabla sijazaa?" Jeni ya ugonjwa wetu wa mifupa, najua. Nitakujibu. Ila acha kwanza nikusimulie siku ya paja la kaka yako, maana wewe ulikuwa bado tumboni.

Alianguka kutoka kitandani. Kitanda chenyewe hakinifiki gotini. Paja likakatika pu, kama chaki. Muuguzi alinitazama mikono, si uso. Akaniuliza mara tatu mtoto ameangukaje, kisha akamchukua mama yako pembeni akamuuliza peke yake. Mimi nikabaki kwenye benchi nimeshika kiatu kimoja cha mtoto. Simlaumu, alikuwa anamlinda mtoto. Hapana, namlaumu kidogo. Picha zilipotoka, mifupa yote myeupe pe, hata pale katikati panapokaa uboho, hakuna aliyerudi kuniambia neno.

Nami nikapigwa picha. Pingili za mgongo zina utepe mweupe juu, mweupe chini, kijivu katikati. Osteopetrosisi, ndio ule ugonjwa alioueleza daktari Mjerumani, Albers-Schönberg, mwaka 1904, kwa kutazama picha za namna hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka 34 na sijawahi kuvunjika hata kidole.

Ugumu si uimara. Najua mmenisikia mpaka mmechoka. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Sisi seli zetu za kubomoa ni goigoi, za kujenga hazizingoji, basi mfupa unashindiliwa ukawa kama jiwe. Na jiwe halipindi, linapasuka. Yule daktari mpasuaji alivunja ncha mbili za keekee kwenye paja la kaka yako kabla skrubu hazijaingia. Akatoka na kipande cha chuma kiganjani kunionyesha, anacheka kama mvulana aliyevua samaki mkubwa. Nilimpenda mtu yule. Ugumu si uimara, nikamwambia, akasema hilo ataliiba.

Haya, jeni. Aina yetu hutosheka na nakala moja yenye kasoro, kwa hiyo kuirithi kwako ilikuwa nusu kwa nusu, na ukiwa nayo, kila mtoto wako ni hivyo hivyo. Wengine huibeba hadi uzeeni isiwasumbue. Ile kali ya watoto wachanga, inayobana mishipa ya macho na kusonga uboho hadi damu ikose pa kutengenezwa, kwa kawaida hutaka nakala mbili, ya baba na ya mama. Hiyo si yetu.

Mama yako anasema nikuache uamue mwenyewe. Naacha. Ningekuwa wewe, lakini, ninge... basi, nimesema naacha. Ila lile jino usiling'oe kabla hujamweleza daktari wa meno habari za ukoo wetu. Taya la namna yetu likiingiwa na vijidudu haliponi upesi. Na picha ya mgongo haichukui hata nusu saa. Nimeitaja tu.

Baba yako