Mshale wa kaboni ukipata ufa, supaglu haisaidii

SWALI: Koch habari, niko Njoro, natumia upinde wa kompaundi (ule wa magurudumu), wa kuvuta paundi 45. Juzi mshale mmoja wa kaboni ulipita taget ukagonga jiwe, ukapata kaufa kadogo karibu na noki (kile kipande cha nyuma kinachoshika uzi). Fundi ameupaka supaglu akazungusha selotepu nyeusi, anasema sasa ni ngumu kuliko mpya. Naweza kuutumia kwa mazoezi tu, mita 15? Nyuma ya taget nimerundika udongo na hakuna mtu hupita huko.

JIBU: Usiutumie. Si mita 15, si mita 5, na hata usiseme unaujaribu mara moja tu.

Umenieleza vizuri mambo ya udongo na watu kutopita, sawa kabisa, lakini hapo ndio karibu kila mtu anayeniuliza hili swali hupotelea. Mkifikiria hatari ya mshale mnafikiria kule unakoenda. Huu wako huenda hata usifike huko. Ukiachilia uzi, nguvu yote inasukuma mshale kutoka nyuma, mwili wake unajipinda kidogo kabla haujatoka kwa upinde, na kaboni yenye ufa ikipindwa kwa nguvu ya ghafla hivyo inaweza kupasuka ukiwa bado umeshika upinde, sasa vile vipande vinaingia wapi? Kwa mkono ulioshika upinde, kiganja ama pale kwa kidole gumba. Halafu nyuzi za kaboni hazionekani vizuri kwa eksirei, kwa hivyo hata ukikimbizwa hospitali kuzitafuta ndani ya nyama ni kazi.

Sasa huyo fundi. Mimi sina shida na watu wa jua kali, stendi zangu za taget wamechomelea wao, lakini kinachobeba nguvu kwa mshale ni zile nyuzi, na zikishakatika gundi haiziungi, inafunika tu. Tena selotepu ndio mbaya zaidi maana inakufichia ufa ukiendelea kukua. Na tafadhali msiniletee ile ya ati wazee walikuwa wanafunga mishale yao na kano, ile ilikuwa miti, na upinde wao haukuwa kompaundi.

Kitu cha kufanya ni kukagua kila mshale kabla ya kuanza, na tena kila ukigonga kitu kigumu ama mshale mwenzake. Shika huku na huku, uelekeze mbali na uso, uupinde kidogo tu, zungusha robo, pinda tena, mpaka umalize pande zote. Ukisikia ukilia tik ama ukiona mstari, huo umekwisha. Pitisha pia pamba taratibu, ikinasa mahali hapo pana nyuzi zimeinuka (usipitishe kidole, utajua hujui). Angalia na noki, kwa sababu noki ikipasuka uzi unaweza kuteleza na upinde ukawa ni kama umeachiliwa bila mshale, na hio inaweza kuvunja upinde wenyewe.

Huo wako ng'oa noki na ncha leo, ufunge wote na tepu ndio utupe, watoto wasiuokote.

Kinachoniudhi zaidi ni hawa wanaouza mishale ya mtumba Nakuru na Kisumu kwa simu, picha moja ya giza, na maelezo ni "namba 600, nguvu kuliko 400". Ni kinyume! Hio namba inapima vile mshale unapinda ukining'inizwa uzito wa gramu 880 hivi katikati, kwa hivyo 600 ndio laini, na mshale laini sana kwa upinde mkali unaweza kuvunjika hata kama hauna ufa. Wengine huikata mifupi ndio ionekane imelingana, sasa ukivuta uzi mpaka mwisho ncha inarudi nyuma ya resti (pale mshale unapokalia kwa upinde) inaangukia mkono wako. Pima urefu wa mvuto wako (umbali unaovuta uzi mpaka mwisho) kwanza ndio ununue, na muuzaji akikataa uipinde kidogo kabla ya kulipa, mwachie mishale yake.