Mtaji Ninao, Muhuri Sina

Juzi msomaji mmoja wa Muheza kaniandikia: "Dada, nina laki tatu, nataka kusaga viungo niuze. Inatosha?" Mdogo wangu, inatosha kununua hiliki na mdalasini wa kule Amani. Kama inatosha kuifikisha pakiti yako kwenye rafu za duka la watu, hilo ni neno jingine.

Mimi nilianzia jikoni kwangu Ngamiani, hapa Tanga, na masala ya chai. Majirani walinunua, wenye harusi walinunua, nikajiona nimefika. Nikapeleka sampuli kwenye duka moja kubwa hapa mjini. Kijana wa pale hata hakuinusa. Aligeuza pakiti, akatafuta nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, hakuiona, akanirudishia kwa ncha za vidole. Leo masala yangu yako kwenye rafu hiyohiyo, lakini vile vidole sijavisamehe.

Sasa sikiliza. Nembo inataka chumba cha kuzalishia kilichojitenga na jiko la nyumbani. Chumba kinataka kodi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Leseni ya halmashauri inataka namba ya mlipakodi na mkataba wa pango. Yaani kila ofisi inakuhesabu mfanyabiashara nawe hujauza hata pakiti moja! Nisiwe mchoyo wa sifa: 2019 usimamizi wa chakula ulitolewa kwa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukapelekwa TBS, mlango mmoja ukapungua. Jina la biashara nalo unalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, umekaa barazani kwako. Ila Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Kuna meza nilizofika leo nikaambiwa njoo kesho, na kesho yake vilevile.

Fedha za serikali zipokee zikija, usizipangie. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na katiba na akaunti ya benki, tunangojea mkopo usio na riba, ile asilimia 4 ya wanawake kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Aprili 2023 mikopo ikasitishwa nchi nzima. Ilirudi 2024, wenzetu wengine wameshahamia kwenye mitumba, na siwalaumu.

Kilichonivusha ni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Barua yao ya utambulisho ndiyo inayomwezesha mjasiriamali mdogo kuanza safari ya nembo bila kutozwa gharama za TBS. Kwa hiyo nenda SIDO kabla hujanunua mashine. Kabla hujachapisha lebo, nenda SIDO. Vijana wa siku hizi mnapenda lebo inayong'aa na picha za mtandaoni, makaratasi mnayakimbia, halafu mnasema nchi ngumu. Ngumu ni kweli. Lakini anayekagua chumba chako hatazami wafuasi wako, anatazama dari na sakafu.

Na barua hiyo ukiipata, toa nakala nyingi siku hiyohiyo. Ofisi ya pili itaitaka, na ya tatu pia.