Kuchaji gari ugenini: maliza mambo ya malipo ungali nyumbani

Shemeji yangu wa Ujiji anasafiri mwezi ujao kwenda Ujerumani kumwona mwanawe anayesoma huko. Wamepanga kukodi gari wazunguke hadi Uholanzi na Ufaransa, na walilolipata kwa bei nzuri ni la umeme. Juzi kanipigia: "Shemeji, hilo gari nitalichajia wapi? Na nikivuka mpaka je?"

Njia hiyo nimeipita. Mwaka 2023 nilikwenda kumtembelea kaka yangu Utrecht, kisha mimi na mama tukakodi gari la umeme kwenda Paris kumwona shangazi. Ni kilomita kama 500. Aliyezoea kuendesha Kigoma–Tabora hatishiki na umbali huo. Ila huku unajaza tangi, ukifika Uvinza unaangalia mshale, na kama hela unayo mkononi hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Chaja haiko hivyo. Yenyewe inataka ikujue kwanza.

Tulifika kituo kimoja karibu na Lille saa tatu usiku, mvua inanyesha, betri imebaki asilimia 14. Kadi ya kuchajia tuliyopewa pamoja na gari, ambayo Uholanzi ilikuwa inafungua kila nguzo ya kuchajia tuliyoigusa, hapo ikaleta taa nyekundu. Nikarudia mara tatu. Nyekundu. Tukausoma mkataba kwa tochi ya simu: kadi inatumika ndani ya Uholanzi tu. Siku ya kukabidhiwa funguo hakuna aliyetuambia. Nikapakua programu ya kituo, nikajaza jina, nikajaza kadi ya benki. Benki ikatuma namba ya uthibitisho kwa meseji kwenye laini yangu ya Tanzania. Laini hiyo nilikuwa nimeitoa kwenye simu ili niweke ya kule, na wakati huo ilikuwa kwenye droo, nyumbani kwa kaka, Utrecht.

Tulikaa pale karibu dakika 50, mama amejifunika kitenge, kimya. Akaja baba mmoja kuchaji gari lake, akatuona tunavyohangaika, akagusisha kadi yake kwenye nguzo yetu. Tulimlipa noti za euro mkononi. Mama alitaka kumwongezea, akakataa kabisa.

Kwa hiyo shemeji, laini yako ya Tanzania isitoke kwenye simu. Kama simu inabeba laini mbili, ya kule iwe ya pili. Kabla ya safari hakikisha laini yako itapokea meseji ukiwa nje ya nchi, kisha nenda benki wakufungulie kadi kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje. Halafu fungua akaunti za kuchajia ungali hapa, umetulia, chai iko mezani. Fungua mbili au tatu za kampuni tofauti, maana moja ikigoma usiku ubaki na nyingine.

Siku hizi kuna nafuu. Tangu 13 Aprili 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka chaja mpya za umma zenye kasi ya kilowati 50 au zaidi zipokee malipo ya kadi ya benki palepale, bila kujisajili. Lakini nguzo za zamani bado zipo, na zile ndogo za mitaani nyingi bado zinataka programu au kadi ya kuchajia. Kadi hizi zipo zinazofungua nguzo za makampuni mengi katika nchi nyingi, na ni msaada mkubwa, ila bei huwekwa na aliyekupa kadi. Nguzo ileile, umeme uleule, kadi mbili, bei mbili. Angalia bei kwenye programu kabla hujachomeka waya. Na kadi inayokuja na gari, muulize anayekukabidhi: inafanya kazi nchi zipi? Akuonyeshe palipoandikwa.

Kuna utapeli pia. Watu wanabandika stika yenye msimbo wa kuskani ili ulipe (QR) juu ya ule halali wa nguzo, ukiskani unapelekwa kwenye ukurasa wa wezi na unaacha namba za kadi yako huko. Ni ndugu yake ile ya "hiyo pesa tuma kwenye namba hii". Ukiona stika imebandikwa juu ya nyingine, iache, tumia programu uliyoiweka mapema.

Hesabu ya umeme isikutishe. Wanauza kwa kilowatisaa, ambayo ndiyo yuniti yetu ya LUKU. Betri ya yuniti 60 ukiitoa asilimia 20 hadi 80 imekula yuniti 36. Kwenye nguzo ya mtaani ya kilowati 11 hapo ni zaidi ya saa tatu, hiyo ni ya kulala nayo. Kwenye chaja ya barabara kuu ya kilowati 150, kama gari lenyewe linapokea kasi hiyo, ni nusu saa au pungufu. Ikipita 80 kasi inashuka sana, chomoa uondoke. Vituo vingine vinatoza kila dakika ya ziada unayoacha gari limechomekwa wakati limeshamaliza.

Plagi hazina shida kwa magari mapya, Ulaya wamekubaliana. Ila nguzo nyingi za mitaani hazina waya wake, kwa hiyo fungua buti siku ya kukabidhiwa gari uone kama waya umo. Kwenye baridi, kiandike kituo kwenye ramani ya gari lenyewe, si ya simu. Magari mengi yakijua yanakwenda kuchaji huanza kuipasha betri joto njiani, na betri iliyopoa hupokea umeme polepole mno.

Usifike kituoni na asilimia 14 kama sisi. Fika na 25, ili kikigoma ukifikie cha pili. Na kila nguzo ina namba yake na simu ya msaada. Mhudumu ukimtajia namba hiyo mara nyingi anaweza kuiwasha akiwa mbali. Usiku ule hatukulijua hilo.

Jana jioni nilikwenda kwake. Tumefungua akaunti mbili vizuri. Ya tatu ilikataa kadi yake, kumbe benki hawajamfungulia malipo ya nje. Jumatatu asubuhi anakwenda tawini Mwanga.