Hesabu za fedha: kabla hujakokotoa, soma neno "kisichopungua"

Shuleni nilikuwa mzuri wa kukokotoa, lakini mafumbo ya fedha yalininyima alama kila mtihani. Nilikuja kuliona kosa langu kwenye swali hili: mtu ana akiba ya 12,000, kila wiki anaongeza 2,500, anataka afikishe kiasi kisichopungua 45,000. Itamchukua wiki ngapi?

Jicho langu liliona "pungua", mkono ukaandika ≤ (ndogo kuliko au sawa na). Kumbe kisichopungua 45,000 ni 45,000 yenyewe au zaidi, yaani ≥. Lugha yetu inaficha ukanushi katikati ya neno, na ukisoma mbiombio unaupita. Vivyo hivyo "kisichozidi": ndani mna "zidi", lakini alama yake ni ≤. Tangu hapo naweka kidole kwenye neno hilo na kujiuliza: kiasi kilichotajwa chenyewe kinakubalika? Kwenye "zaidi ya" na "chini ya" hakikubaliki, kwa hiyo alama haina kistari chini.

Sasa andika, w ikiwa idadi ya wiki: 12,000 + 2,500w ≥ 45,000. Toa 12,000 pande zote, gawa kwa 2,500, unapata w ≥ 13.2. Ukikadiria kama ulivyozoea utajibu 13. Irudishe kwenye swali uone: wiki ya 13 ana 44,500, bado 500. Jibu ni wiki 14.

Kwenye matumizi mambo hugeuka. Una 20,000, nauli 3,500, kila daftari 1,400. Basi 1,400d + 3,500 ≤ 20,000, na d haizidi 11.79 hivi. Kukadiria kunakupa 12, ila madaftari 12 na nauli ni 20,300, na fedha hiyo huna. Nunua 11, ubaki na 1,100. Nakusihi usiache kurudisha jibu kwenye swali, hata muda ukiwa umebana.

Kuna na ile ya fedha zinazopungua: una 30,000, unatumia 1,200 kwa siku, na hutaki salio lishuke chini ya 8,000. Yaani 30,000 − 1,200s ≥ 8,000. Wengi hugawa kwa hasi wakasahau kugeuza alama. Mimi huihamisha 1,200s upande wa pili iwe chanya: 22,000 ≥ 1,200s. Gawa kwa 1,200, s haizidi 18.33 hivi: siku 18, na salio ni 8,400.