Acheni kuhesabu watoto, hesabuni familia

Jana kijana wetu mpya kaniletea jedwali la hataza zetu (patent, yaani haki za kisheria juu ya uvumbuzi), uso unang'aa: "Kaka, tuna hataza 412 za 4G!" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Niliiona sura yangu ya zamani. Basi nawaachia mambo manne.

1. Kutangaza ETSI, shirika la viwango vya mawasiliano la Ulaya, si kuthibitisha. Kampuni hujitangazia yenyewe kwamba hataza yake huenda ni ya lazima kwa kiwango (kanuni za kiufundi kama 4G), ETSI haikagui. Hilo nililijua kwa kukariri. Bado, siku ya mazungumzo ya leseni, nilizoa orodha nzima kwenye hifadhidata, nikajumlisha, nikampa bosi asilimia ya mrabaha (malipo ya kutumia hataza) ya kudai. Upande wa pili alikaa mama mmoja mtulivu, miwani puani. Akashusha kalamu ya risasi kwenye karatasi yangu. "Hii ya Marekani, hii ya China, hii ya Japani, hii ya Ulaya. Uvumbuzi ni mmoja, siyo?" Ni mmoja. Familia moja, yaani hataza za uvumbuzi uleule katika nchi mbalimbali, nimeihesabu mara nne! Akashuka mstari: hii muda wake umeisha. Akashuka tena: hii bado ni ombi tu. Kila alama ikiwekwa, bosi anasogeza kiti mbali na changu. Ikabaki chini ya robo, na tangu hapo hata tukisema kweli tunaombwa ushahidi. Nyumbani nilisema kichwa kinauma, nikalala na viatu.

2. Barua za leseni zijibiwe. Tangu hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya kati ya Huawei na ZTE ya 2015, anayetumia hataza akizembea kujibu ofa anajitafutia zuio la mauzo. Oppo waliacha kuuza simu Ujerumani mwaka 2022 baada ya kushindwa na Nokia mahakamani. Walipatana Januari 2024.

3. Msitukanane. Apple walimshtaki Qualcomm, mtengenezaji wa chipu za simu, Januari 2017, wakarushiana kesi mpaka China na Ujerumani. Aprili 2019, mawakili wakiwa ndio kwanza wanafungua hoja San Diego, habari ikaingia: wamepatana, leseni ya miaka sita, na mkataba wa kuuziwa chipu juu. Barua pepe ya hasira iandike, lala, asubuhi ifute.

4. Kwenye jedwali la madai, lile linalolinganisha hataza na kiwango, taja namba ya toleo la kiwango. Basi.

Kijana nilimrudishia karatasi zake pamoja na kalamu ya risasi. Saa kumi na moja jioni akachungulia mlangoni, uso umesinyaa. Zimebaki 97.

"Kaka, na ile ya Korea nayo niifute?"